Unene wa Mstari wa Mpaka

Katika Ziwa Victoria, karibu na mstari unaotenganisha maji ya Kenya na maji ya Uganda, kuna kisiwa kiitwacho Migingo. Ni mwamba mdogo usiotimiza hata ekari moja, umefunikwa na mabanda ya mabati ya wavuvi na wachuuzi wa sangara, na mtu akitembea humo hatua mia moja atakuwa amekwisha kufika majini. Hata hivyo, mnamo mwaka 2009 mwamba huo nusura uzigombanishe vibaya serikali mbili zilizo wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Polisi wa Uganda walikuwa wamepiga kambi kisiwani, wavuvi wa Kenya wakalalamika kutozwa ushuru na nchi isiyo yao, na maneno makali yakasikika Nairobi na Kampala. Hatimaye pande zote mbili zikakubali kutuma wapima. Matokeo ya upimaji wa mwaka ule yalieleza kwamba kisiwa kimo upande wa Kenya, kiasi cha mita 510 kutoka mpakani. Ubishi juu ya maji na samaki wanaokizunguka haukumalizika kwa tamko hilo, lakini umbali ulikuwa umejulikana.

Mita 510 si umbali mkubwa kwa mtu aliye ndani ya boti yenye mashine. Juu ya karatasi ni mdogo zaidi. Katika ramani ya skeli ya 1:1,000,000, ambayo kila milimita yake ni kilomita nzima ya ardhi, mita 510 ni nusu milimita, yaani unene wa mstari wa kalamu ya kawaida. Katika ramani ya 1:250,000 ni milimita mbili. Ni katika ramani ya 1:50,000 tu ndipo umbali huo unapofikia sentimita moja na kuonekana wazi kwa macho. Kwa hiyo ofisa aliyekitafuta kisiwa hicho katika ramani ndogo ya ukutani aliweza kukiona juu ya mstari wenyewe, si huku wala kule, na asiwe amekosea kusoma. Kosa halikuwa la macho. Wino ulikifunika kisiwa.

Siku hizi ofisa huyo hatazami ukutani. Anatazama kioo cha simu au cha kompyuta, na juu ya kioo hicho mstari wa mpaka ni mwembamba kama unywele. Akiikuza picha mara kumi, mara mia, mstari unabaki mwembamba vilevile. Hapo ndipo penye hatari ambayo kila askari wa doria na kila polisi wa kituo cha mpakani anapaswa kuielewa, kwa maana mstari huo mwembamba, mara nyingi, ulifuatishwa kutoka katika ule mnene wa karatasi.

Ramani ya karatasi ikipigwa picha kwa skana huingia katika kompyuta ikiwa ni rasta, yaani uwanja wa vitone vidogo, ambavyo wataalamu huviita pikseli, vilivyopangwa safu kwa safu kama askari katika gwaride. Kila kitone kina rangi yake na hakina habari nyingine yoyote. Kitone cha buluu hakijui kama ni mto, ni ziwa, au ni doa la kalamu ya karani aliyeitunza ramani hiyo kabatini kwa miaka 40. Skana ya kawaida husoma vitone 300 katika kila inchi. Kwa ramani ya 1:50,000 maana yake ni kwamba kitone kimoja kinafunika kama mita nne za ardhi.

Vekta ni kitu kingine. Katika tabaka la vekta, mto haubaki rangi, bali huwa mfululizo wa nukta zenye viwianishi vyake, zilizounganishwa moja baada ya nyingine. Kituo cha polisi huwa nukta moja, barabara huwa mstari, msitu wa hifadhi huwa eneo lililozungushiwa mstari unaojifunga. Nyuma ya kila umbo kuna jedwali la habari: jina la mto, aina ya barabara, upana wa daraja. Kwa sababu hiyo mashine inaweza kuulizwa maswali ambayo picha haiwezi kuyajibu. Ni vijiji vipi vilivyo ndani ya kilomita tano kutoka mpakani? Lori litokalo kambini litapita madaraja mangapi kabla ya kufika kivukoni? Hapana jeshi wala polisi wa leo ambaye hangependa kupata majibu hayo kwa dakika moja, na ndiyo sababu kazi ya kuzigeuza ramani za zamani kuwa tabaka za vekta imefanywa kwa wingi, na maofisi ya serikali, na makampuni, na hata na watu binafsi wanaojitolea.

Ramani zenyewe zina historia. Sehemu kubwa ya ramani za 1:50,000 za Tanganyika, Kenya na Uganda zilitengenezwa kutokana na picha za ndege na Idara ya Upimaji ya Waingereza iliyoundwa mwaka 1946 kwa ajili ya makoloni, ambayo mwaka 1957 ilibadilishwa jina ikawa ya nchi za ng'ambo. Baada ya Uhuru kazi iliendelea kwa ushirikiano na idara za ramani za nchi zenyewe. Kazi ile ilikuwa nzuri, na wapima wa leo bado wanaiheshimu. Lakini ilikusudiwa kusomwa katika karatasi, na mtu mwenye rula na dira.

Hatua ya kwanza ya kuihamisha ni kuifunga picha kwenye viwianishi. Mchoraji huchagua alama zinazojulikana mahali pake, kama pembe nne za shiti na makutano ya mistari ya gridi, kisha huiambia mashine viwianishi vya kila moja. Mashine huivuta na kuizungusha picha mpaka ilingane, halafu hutaja salio la kosa, yaani ni mita ngapi zimebaki bila kulingana. Karatasi haisemi uongo kwa makusudi, lakini ni kitu chenye uhai kidogo: hunywa unyevu wa masika na kutanuka, hukauka kiangazi na kunywea, na mahali ilipokunjwa huvimba. Karatasi ikitanuka milimita moja katika skeli ya 1:50,000, mita 50 za nchi zimehama. Mchoraji mwangalifu huweka alama nyingi, huliandika salio la kosa, na humrudishia skana picha iliyopinda. Mchoraji mvivu huweka pembe nne na kuendelea.

Kosa kubwa kuliko hilo huingia bila kishindo. Ramani za zamani za Afrika Mashariki zilipigwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, uliotokana na upimaji wa lile tao refu la meridiani ya 30 Mashariki linalotoka Afrika ya Kusini kwenda Misri. Vyombo vya GPS vilivyomo ndani ya simu hutumia msingi mwingine, WGS84, uliowekwa kwa kufuata setilaiti. Misingi hiyo miwili haikubaliani juu ya umbo la dunia wala juu ya mahali kilipo kitovu chake. Mahali pamoja pale pale, mti mmoja ule ule, hupata viwianishi viwili tofauti, na tofauti hiyo katika ukanda wetu ni kiasi cha mita 300, nyingi kati ya hizo zikiwa katika mwelekeo wa kaskazini na kusini.

Jambo hili na lipelekwe Mutukula, katika mpaka wa Tanzania na Uganda, ambako mpaka unakwenda mashariki na magharibi kandokando ya latitudo ya digrii moja Kusini. Tuseme mchoraji amefuatisha mstari wa mpaka kutoka katika shiti ya Arc 1960, kisha amesahau kuugeuza, akauingiza katika simu kana kwamba ni wa WGS84. Katika simu hiyo mpaka wote utakuwa umeruka kiasi cha mita 300 kuelekea kaskazini. Kikosi cha doria cha Tanzania kitakachoufuata mstari huo kwa uaminifu, kikidhani kimesimama hatua 50 ndani ya nchi yake, kitakuwa kimevuka na kuingia Uganda zaidi ya mita 200, na silaha zake begani. Askari watakaowakuta huko hawataona kosa la hesabu. Wataona uvamizi.

Baada ya kuifunga picha huja kazi ya kufuatisha yenyewe. Ni kazi ya subira, inayofanana na ile ya wanafunzi wa zamani waliowekewa karatasi angavu juu ya atlasi. Mchoraji huufuata mto kwa kidole cha mashine na kubonyeza kila unapopinda. Akibonyeza mara chache, mto unakuwa na kona kali kama uzio wa seng'enge. Akibonyeza mno, mkono wake unaotetemeka unaingia katika ramani na kuwa sehemu ya mto. Zipo programu za kufuatisha zenyewe: huutafuta wino wa rangi moja, huukonda mpaka ubaki unene wa kitone kimoja, kisha huugeuza kuwa mstari. Kwa ramani safi yenye rangi chache hufanya vizuri sana. Kwa ramani iliyojaa kontua, majina, na alama za mabwawa, huchanganyikiwa, hupanda kontua moja na kushuka kwa nyingine, na herufi "o" ya jina la kijiji hugeuka kuwa kidimbwi. Hakuna aibu katika hilo, ili mradi yupo mtu wa kukagua.

Aidha, mchora ramani wa karatasi alikuwa na ruhusa ya kudanganya kidogo. Barabara iliyochorwa kwa unene wa milimita moja katika skeli ya 1:50,000 ingekuwa na upana wa mita 50, jambo ambalo halipo. Mahali ambapo barabara, reli na mto hupita pamoja katika bonde jembamba, wino haukutosha nafasi, kwa hiyo alivisogeza ili vyote vionekane. Msomaji wa karatasi alielewa desturi hiyo. Mashine haielewi. Inauchukua ule usogezaji na kuuandika kwa tarakimu sita baada ya nukta, na tarakimu ya sita ya digrii ni sentimita 11 za ardhi. Mstari ambao kwa haki ulijulikana kwa makosa ya mita 50 sasa unajigamba kuwa unajulikana kwa urefu wa kidole.

Wananchi wa Kagera wanajua gharama ya mstari usioonekana. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, imekuwa ya Uganda. Hoja yake ilikuwa kwamba mto ndio mpaka wa haki. Mto unaonekana na kila mtu, latitudo haionekani. Lakini latitudo ile ilikuwa imekubaliwa kati ya Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, tume yao ya pamoja ikaipima nchi kavu kati ya 1902 na 1904, na mnamo Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipitisha azimio la kuiheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa kupata uhuru. Mwalimu Julius Nyerere ndiye aliyelipendekeza azimio hilo. Vita vilivyofuata viliwafikisha askari wa Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliompinga Amin, hadi Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Mstari uliochorwa kwa rula na wageni ulilindwa kwa damu ya wenyeji, kwa sababu kuufuta mmoja kungefungua mlango wa kuifuta yote.

Ni muhimu basi kujua mstari wa mpaka unakaa wapi hasa, nje ya kioo. Kwanza unakaa katika maneno ya mkataba. Pili unakaa katika nguzo zilizosimikwa na kukubaliwa na pande mbili. Na kwa desturi ya mipaka, nguzo iliyokubaliwa hushinda hesabu ya kinadharia, hata ikiwa ilisimikwa pembeni kidogo ya latitudo iliyotajwa. Ramani huja nyuma yake, na tabaka lililofuatishwa kutoka katika ramani huja nyuma zaidi.

Turudi kwa Migingo, maana hapo majini hakuna nguzo. Mpaka wa Kenya na Uganda ndani ya ziwa ulielezwa kwa maneno katika amri ya Uingereza ya mwaka 1926, na maneno kama hayo yamo katika katiba ya Uganda ya 1995. Mstari unatajwa kuwa umenyooka kutoka ncha ya magharibi kabisa ya kisiwa fulani hadi ncha ya magharibi ya kingine: Pyramid, kisha Ilemba, na kuendelea kaskazini mpaka mlango wa Mto Sio. Mchoraji mwenye akili hatafuatisha wino hapo hata kidogo. Atavitafuta visiwa vyenyewe katika picha za setilaiti au kwa kwenda na chombo cha kupimia, ataweka nukta kwenye kila ncha, na kuziunganisha. Mstari wake utakuwa umejengwa kwa maneno ya sheria badala ya kunakiliwa kwa unene wa kalamu. Hata hivyo hatakuwa amemaliza mashaka yote. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964, na Mei 2020 likafikia kimo kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa vimeandikwa hadi wakati huo. Ncha ya kisiwa chenye ufuo wa bapa si pale ilipokuwa mwaka 1926, na wanasheria wana kazi yao.

Mito nayo ina ukaidi wake. Mkataba wa 1890 uliuweka mpaka wa sehemu ya Mto Chobe, kati ya nchi zinazoitwa leo Botswana na Namibia, katikati ya mkondo mkuu. Karibu na kisiwa kiitwacho Kasikili upande mmoja na Sedudu upande mwingine, mto unagawanyika. Anayefuatisha ramani anaona mikondo miwili ya buluu na lazima achague mmoja. Akibonyeza kushoto amekitoa kisiwa kwa nchi moja, akibonyeza kulia amekitoa kwa nyingine. Nchi hizo mbili zilipeleka shauri lao kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, ambayo tarehe 13 Desemba 1999 iliamua kwamba mkondo mkuu ni ule wa kaskazini na kisiwa ni cha Botswana. Ilihitaji vipimo vya kina, upana na mwendo wa maji kulijibu swali ambalo mchoraji hulijibu kwa kubonyeza mara moja.

Mfano wa mbali lakini ulio wazi kuliko yote ni wa Nicaragua na Costa Rica. Mwaka 2010 watu na askari wa Nicaragua waliingia katika kinamasi kilicho kwenye mdomo wa Mto San Juan, na kiongozi wa kazi ile, Edén Pastora, aliyekuwa mpiganaji maarufu wa msituni, alitaja ramani ya Google kuwa inaonyesha mahali hapo ni pa Nicaragua. Kampuni ikakiri kwamba mstari wake ulikosea hadi kilomita 2.7, ikaurekebisha. Lililo la kufunza ni kwamba mahakamani shauri halikuamuliwa kwa ramani hiyo. Lilibishaniwa kwa mkataba wa 1858 na hukumu za wasuluhishi wa 1888 na 1897. Tarehe 16 Desemba 2015 Mahakama iliamua kwamba eneo lile ni la Costa Rica, na mwaka 2018 Nicaragua ikaamriwa kulipa fidia ya zaidi ya dola 378,000 za Marekani.

Hapa Afrika, Mali na Burkina Faso zilipigana kuanzia tarehe 25 hadi 30 Desemba 1985 kwa ajili ya ukanda mkavu wa Agacher, na watu wakafa. Hukumu ya Mahakama ya tarehe 22 Desemba 1986 ilieleza jambo linalofaa kubandikwa katika kila chumba cha operesheni: ramani kwa kuwapo kwake tu haimpi mtu hati ya kumiliki nchi, isipokuwa ile iliyoambatanishwa na mkataba na kuwa sehemu yake. Nyingine zote ni habari, zenye uzito kulingana na nani aliyezichora na kwa chanzo gani. Mahakama iliitegemea ramani ya Kifaransa ya 1:200,000 ya miaka ya 1958 hadi 1960 pale ambapo ushahidi mwingine ulikosekana. Nchi zote mbili ziliipokea hukumu hiyo.

Yako pia mahali ambapo tabaka linabeba siasa ndani yake. Katika Ziwa Nyasa, zipo ramani zinazoweka mpaka katikati ya maji, kama Tanzania inavyoshikilia, na zipo zinazouweka kwenye ufuo wa Tanzania, kama Malawi inavyoshikilia. Jambo hilo liliwekwa mbele ya viongozi wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji. Mchoraji aliye ng'ambo, asiyejua lolote juu ya mazungumzo hayo, hufuatisha shiti aliyoipata kwanza, na msimamo wa upande mmoja huenea duniani ukiwa na sura ya kipimo cha kitaalamu.

Kwa kikosi kilicho njiani, mambo ya kuuliza si mengi. Kila tabaka halali huja na maelezo yake: limetoka katika shiti ipi, ya mwaka gani, ya skeli gani, kwa msingi upi wa vipimo, na salio la kosa lilikuwa mita ngapi. Tabaka lisilo na maelezo hayo laweza kutumika kutafutia barabara na kisima, lakini halifai kumkamatia mtu kwa kosa la kuvuka mpaka. Pale panapojulikana kwamba mstari umetoka katika ramani ya 1:250,000, ni busara kuuchora kama ukanda badala ya uzi, upana wake ukiwa mita mia kadhaa kila upande, na amri za doria zikatungwa kwa kuufuata ukanda huo. Mkuu wa doria anayeandika taarifa aandike viwianishi pamoja na jina la msingi wake, na akifika kwenye nguzo apige picha ya nguzo na namba yake, apime hapo hapo kwa chombo chake, na aone ni mita ngapi mstari wa kioo umeachana na saruji. Tofauti hiyo ikitumwa makao makuu, wapima wanaweza kuirekebisha shiti nzima.

Mpango wa Mipaka wa Umoja wa Afrika ulioanzishwa mwaka 2007 unazitaka nchi jirani ziyafanye hayo pamoja: kuzitafuta nguzo zilizozama katika majani, kuzisimika upya zilizong'olewa, kuongeza za kati, na kuweka orodha moja ya viwianishi iliyotiwa sahihi na pande mbili. Orodha ya namna hiyo ikiingizwa katika simu za polisi wa Mutukula walio upande wa Tanzania na za wenzao walio upande wa Uganda, boti na magari yao yatasoma mstari mmoja. Bila hiyo, kila upande hubeba tabaka lake, lililofuatishwa na mkono wake kutoka katika karatasi yake, na makoplo wawili wanaweza kusimama uso kwa uso usiku, kila mmoja akionyesha kioo chake, na vyote viwili vikasema kwamba mwenzake amevuka.